Chai ya Saa Nne

Jumapili, 4 Septemba 2016

Maharage yamelowa tangu jana. Nimeyamwaga maji, nimebandika upya. Mahindi meupe nimeyapata duka la Mghana karibu na stesheni ya Granville, yamekobolewa vizuri. Makande basi. Kitunguu, karoti, tui zito mwishoni. Hakuna mfupa, hakuna "kionjo kidogo tu". Sijawahi kula nyama maishani mwangu na sianzi leo nikiwa na mtu tumboni.

Dirisha la jiko limejaa mvuke. Treni ikipita vyombo vinatikisika kabatini na mtoto anajibu kwa teke. Nimesimama na mwiko mkononi, nimesahau nilikuwa nafanya nini. Siku hizi ndivyo nilivyo. Nusu yangu iko hapa ng'ambo, nusu iko Same, kwenye jiko la mama, na mama amenipa mgongo, anapepeta kunde. Nasubiri ageuke. Hageuki. Makande yakashika chini kidogo.

Mume wangu Godlisten kala sahani mbili. Kasema ni matamu, ila yanahitaji rafiki. Rafiki maana yake nyama. Mchagga huyu!

Alhamisi, 8 Septemba

Kliniki. Damu iko chini. Mkunga hakunificha: isipopanda, siku ya kujifungua nikivuja hata kidogo itakuwa shida. Kanipa vidonge vya madini ya chuma. Kauliza kama nakula nyama. Nikamwambia hapana, Msabato, tangu kuzaliwa, na mama yangu vilevile.

Sikumwambia mama alikufaje. Alivuja damu akimzaa mdogo wangu. Mimi nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu naye hakukaa duniani.

Haya, nimeliandika. Naogopa.

Nikashuka stesheni ya Auburn kununua mchicha, dengu, ufuta, ndimu. Hiyo damu nitaipika mwenyewe.

Jumatano, 14 Septemba

Mama mkwe kafika kutoka Moshi. Sanduku kubwa limetoka kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege likiwa jepesi. Wamemchukulia samli, nyama ya kukausha, ndizi, mbegu, kila kitu. Walichomwachia ni majani ya chai, pakiti na pakiti. Kalia ndani ya gari. Si kwa ajili ya mali, anasema. Kaja kumlisha mkwe wake na sasa yuko mikono mitupu.

Nilimhurumia sana. Kwao mke wa mwanao akizaa, wewe ndiye jiko. Mtori wa ndizi na nyama, supu, na mlaso, ile damu ya mnyama inayopikwa na maziwa, ili iliyotoka irudi. Kaisubiri kazi hiyo miaka yote. Na mwanawe kaenda kuoa Mpare asiyekula hata dagaa.

Jumatatu, 19 Septemba

Nimetoka shifti, wazee ninaowahudumia leo walikuwa wakorofi, miguu imevimba. Nafungua mlango, nyumba nzima inanukia mifupa. Supu ya ng'ombe. Ndani ya sufuria yangu ya maharage. Sufuria yangu!

Mama mkwe kanitengea bakuli, kijiko, kitambaa. Nikasema, Mama, samahani, siwezi. Kasema mafunda mawili tu. Nikasema hapana. Kalitazama lile bakuli kama limetukanwa. Godlisten akajifanya anatafuta chaja.

Nimeisugua sufuria mpaka vidole vikauma. Nimelia nikisugua. Kisha kanigusa bega, kanipa kikombe cha chai. Majani mengi, maziwa, tangawizi, iliki, imechemshwa mpaka imekuwa rangi ya vumbi la Same. Kwetu majani ya chai hayakuingia ndani, Wasabato wa mama walikunywa mchaichai tu. Mimi chai niliijulia chuoni. Dhambi yangu ndogo. Nimeinywa yote nimesimama. Mama kacheka, nami nikacheka. Kumbe kuna kitu cha mkono wake kinachonishuka.

Jumamosi, 24 Septemba

Sabato. Kanisani sikwenda, miguu haikubali. Tumekaa kibarazani mimi na Mama, jua la majira ya kuchipua, huku huanza Septemba, nguo za majirani zinapepea ghorofa zote.

Asubuhi ananiletea kidonge kwenye kisosi, kando ya kikombe, kwa unyenyekevu kama mchungaji wake anapogawa meza ya Bwana. Chai na kidonge. Chai na chakula cha mchana. Chai na cha usiku. Mimi napika mchicha wa karanga, yeye anachemsha chai. Jiko letu halina nafasi ya kugeuka. Tumbo langu linamgusa mgongoni, anageuka nusu, anasema mjukuu huyu ana ngumi. Mvuke wa dengu na mvuke wa tangawizi unapanda pamoja, dirisha linapotea, Granville inapotea.

Sijawa na mama jikoni tangu darasa la tano. Nina furaha mpaka naona aibu.

Alhamisi, 6 Oktoba

Imeshuka tena.

Imeshuka! Na mchicha wote ule. Na maharage, na dengu, na kidonge sijaruka hata siku moja. Mkunga kasema isipopanda itabidi dripu, na siku yenyewe wataweka akiba damu ya mtu mwingine. Kwenye treni nimeangalia nje njia nzima na sikuona kitu.

Mezani Godlisten kasema ini, mke wangu, ini tu, lichukulie kama dawa. Nikamwambia ini si dawa, ini ni ini. Kasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo nimeusikia tangu uchumba. Leo haukuwa utani.

Mama alikuwa anakoroga chai. Akasema polepole, bila ubaya wowote, na ndiyo maana iliniingia mpaka mfupani:

"Mama yako naye hakula nyama, Nakijwa."

Nimeacha chakula.

Jumapili, 9 Oktoba

Siongei nao. Nasema shikamoo, nasema chakula tayari, basi.

Mchana usingizi ulinichukua kwenye kochi. Nikamwota mama. Jiko lile la Same, ila dirishani inapita treni ya Granville. Kainama juu ya sufuria, jiko zima linanukia mchaichai. Nikamuuliza, mama, ulikosa nini? Hakugeuka. Kasema, onja chumvi. Nikaamka nina machozi na njaa.

Jioni nimempa Godlisten neno langu, hilo tu. Kipimo kijacho kisipopanda, nitakula ini. Nitalia, lakini nitakula, mtoto ni mkubwa kuliko mimi. Ila siku hiyo nitakuwa nimekiri kwamba chakula cha mama ndicho kilichomuua. Mapishi haya ndiyo kitu pekee alichoniachia. Hapo ndipo panaponiuma, si kwenye ini.

Alhamisi, 20 Oktoba

Mama kaomba twende wote kliniki. Kavaa kitenge cha kanisani.

Mkunga kataka nimtajie kila ninachokula. Nikataja kwa kiburi, kuanzia makande mpaka ufuta. Kisha akauliza nakunywa nini. Chai. Wakati gani? Na chakula. Na kidonge nameza na nini? Na chai.

Akaweka kalamu chini.

Chai ndiyo inayozuia madini ya chuma, kasema. Hasa ya majani mengi, iliyochemka sana, na maziwa juu yake. Chuma cha mboga na cha kidonge kinashikwa njiani, mwili haukipati. Chai ikae mbali na chakula, kidonge nimeze na maji ya machungwa. Atapima tena mwezi ujao, na hicho ndicho kipimo cha mwisho kabla ya daktari kuamua.

Nilitaka kucheka kwa sauti. Kumbe si mboga! Si mkono wa mama! Na yeye majani ya chai hakuyaingiza ndani ya nyumba yake. Nilishika nusu ya miiko yake, nusu nikaitupa chuoni.

Mama akaniuliza, anasemaje? Nikasema, anasema niendelee kula vizuri. Mama akamshukuru mkunga kwa Kiswahili, kwa mikono miwili.

Njiani jakaranda zimeanza kutoa maua. Mama kasimama chini ya mti kama mtoto, Moshi nako zimetoa, kasema. Zambarau begani, zambarau kwenye viatu. Hapo ndipo ningemwambia. Nimekataa supu yake. Mtori wake nimeukataa kabla haujapikwa. Nikikataa na chai, anabaki na nini?

Ijumaa, 21 Oktoba

Nimemwaga chai kwenye chungu cha mnanaa kibarazani. Ya asubuhi, ya mchana. Kidonge nimemeza na machungwa, bafuni, mlango nimefunga. Mama kakiona kikombe kitupu, kafurahi, kaniongezea. Najisikia mwizi.

Jumanne, 25 Oktoba

Mama kaniona. Alikuwa anaanua nguo upande wa pili wa shuka, wala sikujua yupo. Shuka likashuka, mimi nimeinamisha kikombe, chai inamalizikia kwenye udongo.

Kakunja nguo zote, hata soksi. Usiku hakukuwa na chai. Sufuria yake ya chai imefunikwa, iko juu ya kabati. Kamwambia Godlisten aangalie kama tiketi yake ya kurudi inaweza kusogezwa karibu.

Godlisten kaniuliza nimemfanya nini mama yake.

Jumatano, 26 Oktoba

Nimemwambia. Alikuwa kitandani, amekaa, mikono mapajani. Nikapiga magoti jinsi tumbo lilivyoruhusu, nikasema yote, na la mkunga, na uongo wangu.

Kakinyoosha kitenge mapajani. Kisha: "Kwa hiyo kile kidonge nilichokupa kwa mkono wangu nilikuwa nakuua nacho?" Nikasema hapana, Mama, hukujua, hata mimi sikujua. Akalia. Si kilio kikubwa, machozi tu, yanashuka yenyewe. Akauliza mbona sikumwambia, yeye ni mgeni? Nikasema kwa sababu chai ndicho kitu pekee kutoka kwako ninachoweza kukipokea. Nikalia na mimi.

Kajifuta kwa kitenge. "Wewe mtoto wewe," kasema, na kanivuta sikio. Kisha kaniomba radhi kwa lile neno la mama yangu. Akauliza, marehemu alikuwa anakunywa nini? Nikamwambia mchaichai. Akasimama. Kavaa viatu. Unauzwa wapi huo?

Auburn, duka la Wavietnamu, upo tele, mashada na mashada. Mama kaunusa kila shada kabla ya kuchagua. Jioni kapika kiburu, ndizi mbichi na maharage. Kasema kwao ndicho walichokula siku nyingi utotoni, nyama ilikuwa ya sikukuu, wakubwa wanajisahaulisha tu. Nimekula mpaka nimelamba mwiko.

Jumamosi, 5 Novemba

Kuna utaratibu mpya. Mchaichai na chakula. Ndimu juu ya kila mboga. Chai yenyewe ina saa yake, saa nne asubuhi, peke yake, kama shuleni. Mama alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Ikifika saa nne anagonga kijiko kwenye glasi, tunatoka kibarazani, tunakunywa. Kabla ya hapo haruhusu hata kunusa. Godlisten kajaribu kunywa na chapati akachapwa mkono.

Mnanaa umekufa. Chai ya Mama si ya mchezo.

Alhamisi, 10 Novemba

Imepanda! Si sana, lakini mkunga kasema inatosha, hakuna dripu. Mama alinisoma usoni kabla sijatafsiri, kapiga vigelegele mle mle kliniki, watu wote wakageuka.

Sijui kilichomuua mama yangu. Pengine umbali wa hospitali, pengine barabara. Chakula chake hapana.

Ini lilikuwa tayari kwenye friza, Godlisten alishalinunua. Leo kalikaanga na vitunguu, kalila mwenyewe, kimya.

Jumatano, 23 Novemba

Msichana. Tangu juzi. Nilivuja kiasi cha kawaida, wamesema, nami nilimwomba mkunga arudie hilo neno, kawaida. Godlisten kalala kwenye kiti, mdomo wazi.

Asubuhi mhudumu kaleta sinia. Mkate wa kuchomwa, maharage ya mchuzi mtamu, na chai ya maziwa. Sijaigusa. Mama kaingia na chupa yake ya mchaichai, kaona, kakichukua kile kikombe kutoka kwenye sinia na kumrudishia yule dada mkononi. Kamwambia kwa Kiswahili, kwa adabu, kwa sauti ya mpishi wa shule, kwamba hii ni ya saa nne. Dada kanitazama mimi. Nikamwambia, msikilize Mama.

Sasa kumetulia. Mtoto kalala kifuani, ana joto la mkate. Nje ya dirisha kuna jakaranda, nusu iko mtini, nusu iko chini. Mama amesimama hapo dirishani, amenipa mgongo, anamimina mchaichai, chumba kizima kinanukia. Nikasahau niko wapi. Nikasubiri.

Akageuka.