Shuka la Darubini Nililolifukiza Udi

Mke wangu Mwanakombo,

Assalamu alaikum. Naomba Mungu karatasi hii ikukute mzima, wewe na Zuhura, na kile kifua chake kiwe kimepata nafuu. Mama anaendelea na dawa ya miguu, au ameiacha tena akisema inamtia kizunguzungu? Na kisima, maji matamu yamerudi au bado mnachota ya chumvi? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio haujatulia. Wiki hizi zote kwenye simu nimekuwa nikikwambia kazi nzuri, hapana tatizo. Nilikuwa nakudanganya. Haya ninayoyaandika nikiyasema kwa simu utalia, nami nitakata kabla sijafika mwisho. Yasome peke yako kwanza, halafu ndipo umsomee Mama utakayoona yanafaa.

Unajua kazi yangu hapa mlimani, nchi ya watu, ni kufagia na kufua. Sikukwambia kwamba nafua pia shuka la darubini. Ndani ya darubini mna kioo, upana wake ni kama chumba chetu cha kulala, na kila asubuhi wataalamu wakishamaliza, sisi hutandaza shuka jeupe la pamba kwenye fremu juu yake, vumbi lisikiingie. Huku ni kukavu kuliko Ganze, vumbi halina adabu. Shuka hilo niliachiwa mimi peke yangu, na nilijivunia.

Mwenye kukitumia sana kioo hicho ni Daktari Paola, mama mmoja wa Kitaliano. Kile Kitaliano changu cha kubebea mizigo hotelini Malindi ndicho kilichonipa uso kwake. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini huko juu miaka yote hii. Akaniambia ziko nyota nyekundu, kubwa ajabu, zimezeeka, haziko katika kundi letu la nyota bali katika kundi jirani. Kundi hilo ukilitazama kwa macho ni doa tu la weupe upande wa kusini. Anasema baadhi ya hizo nyekundu haziko pweke. Kando yake pana nyota ndogo ya buluu, yenye moto mkali, nazo zinazungukana. Lakini ile kubwa inawaka hata ndogo haionekani.

Nikamwambia, "Basi ni kama mtu amesimama na kibatari mbele ya tanuri la chokaa."

Akacheka. "Ndivyo hivyo, Athmani. Mimi namtafuta mwenye kibatari."

Njia yake ni kutazama ule mwanga wa zambarau peke yake, maana ile kubwa nyekundu haina mwingi wa kutoa, na yule mdogo anao. Lakini mwanga huo ni mwepesi, kitu kidogo tu kikiukinga umepotea. Anataka kujua ni ngapi zina mwenzi na ngapi hazina, kwa sababu siku moja ile kubwa italipuka, na namna itakavyolipuka hutegemea kama ilikuwa na mwenzake au haikuwa naye.

Sasa sikia nilichokifanya. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, jambo la nadra huku. Shuka nililolifua likakataa kukauka, likashika uvundo. Niliona haya kulirudisha vile. Nikalichukua chumbani kwangu, nikalitandaza juu ya tenga lililogeuzwa, chetezo cha makaa chini yake, nikatia udi na ubani ule Mama alionifungia kwenye begi, nikalifukiza kama anavyofukiza mashuka ya bibi harusi. Likatoka linanukia hata mwenyewe nikafurahi. Tangu hapo kila nikilifua nikalifukiza.

Hapana aliyenikataza. Mzee Shabani wa Tanga, anayepaka grisi mitambo ya kuzungusha paa, alipolinusa alisema, "Ehe, leo kioo kinaolewa? Mbona hatukualikwa?" Daktari naye akasema linanukia kama kanisani kwao. Tukacheka wote watatu.

Baada ya muda nikaanza kumwona Daktari anakuja kunywa kahawa bila kusema na mtu. Nyota alizozitazama zote zilitoka pweke, moja baada ya moja. Mwanzo aliamini ndivyo zilivyo, hata akaanza kuandika hivyo. Kisha akarudi kuitazama moja ambayo mwaka jana alimwona mwenzake mdogo waziwazi. Hakumwona. Nyota haipotezi mwenzake kwa mwaka mmoja, Mwanakombo. Hapo akajua ubovu uko kwetu.

Wakakichunguza kioo, wakakuta kimepata utando mwembamba wa mafuta, na huo ndio uliokuwa ukila ule mwanga wa zambarau. Meneja akasema mafuta hapa ni ya mtu mmoja tu, mwenye grisi. Mzee Shabani akaapa kwamba grisi yake haijadondoka hata tone. Wapi. Akaambiwa Ijumaa aende ofisini kuchukua barua yake ya kuachishwa.

Jumanne nilikuwa nafuta dirisha la chumba changu, lile lililo juu ya chetezo. Kitambaa kikanata. Nikapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, kikatoka na unato wa manjano, unanukia udi. Nikakaa kitandani. Nilielewa papo hapo: mafuta ya udi ndiyo shuka langu lililokuwa likiyapeleka kwenye kioo cha Daktari.

Na nilinyamaza. Nakuambia kweli yote. Kibali changu cha kazi kilikuwa mezani kwa Meneja kinangoja sahihi, na bila kibali hicho huwezi kuja. Nilikufikiria wewe na safari zako tatu za Mombasa kwa ajili ya pasipoti, na Zuhura anayewatangazia watoto wenzake kwamba anakuja kukaa na baba yake. Miaka minne tunaishi kwa simu. Nilijua nikifungua mdomo nitakuwa nimekufungia wewe mlango. Jumanne nikanyamaza, Jumatano nikanyamaza, Alhamisi Mzee Shabani akaniomba nimwombee dua, nikainua mikono nikamwombea.

Ijumaa asubuhi alitoka amevaa koti lake la Idi. Kwenda kufukuzwa kazi, mtu amevaa koti la Idi. Nilimfuata mpaka ofisini. Meneja alikuwa amekwisha mnyooshea karatasi, na Daktari amekaa kando. Nikasema, "Si yeye. Ni mimi." Nikaeleza kwa Kiingereza changu kibovu, kikanishinda, nikamalizia kwa Kitaliano. Daktari akaagiza shuka liletwe. Akaliweka puani muda mrefu.

"Na mimi nililinusa," akasema. "Nililinusa, nikacheka."

Mzee Shabani hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne, Mzee."

"Jumanne tulikula sahani moja."

"Ndiyo."

"Na Jumatano."

"Ndiyo, Mzee."

"Na jana ukaniombea dua."

Alitoka, akaiacha ile karatasi juu ya meza.

Jumamosi walikiosha kioo. Mimi sikuruhusiwa kukikaribia, nilisimama mlangoni na ufagio. Jumapili Daktari alikuja jikoni macho mekundu kwa kukosa usingizi, akanishika bega. "Mdogo yupo, Athmani. Palepale pake." Alikuwa na furaha, nami nilifurahi naye, wallahi, ingawa ndiyo siku niliyojua hakika kwamba narudi nyumbani. Aliniombea kwa Meneja, lakini Meneja alisema kosa angelisamehe, zile siku tatu hawezi. Kibali hakikutiwa sahihi. Mwisho wa mwezi natoka.

Basi hamtakuja, mke wangu. Usiende tena Mombasa. Zuhura mwambie baba ndiye anakuja yeye, labda ataipenda hiyo zaidi. Ukiwa na hasira, kasirika, nitaikuta nikifika. Habari ya udi usimwambie Mama, nitamwambia mimi uso kwa uso, asije akadhani ni yeye aliyeniponza.

Nisalimie Mama, mwambie shikamoo yake iko palepale. Nisalimie ami yangu muadhini, na dada yako mshonaji, na yule jirani yetu muuza mbaazi, mwambie huku nimezikosa. Zuhura umbusu.

Barua hii unapewa mkononi na Mzee Shabani mwenyewe. Amepata likizo, anakwenda kwao Tanga, kisha atapanda hadi huko kwetu Muyeye kumtazama dada yake aliyeolewa huko. Siku tisa hakuzungumza nami. Jana alisimama mlangoni kwangu akasema, "Kama una barua, nipe. Sijakusamehe. Lakini mkeo hajanikosea." Mkaribishe, mpe chai na mkate wa sinia. Akikaa kimya, usimlazimishe. Akitaka kukueleza alivyofanyiwa na mumeo, msikilize mpaka amalize, wala usinitetee.

Mumeo,
Athmani