Mbegu Niliyoipeleka Mashineni

Mama,

Kuna jambo sikukuambia siku tulipokuzika, maana hata mimi nilikuwa sijalijua. Mbegu yako ya wimbi imekwisha. Ni mimi niliyeimaliza.

Siku ya pili ya matanga unga wa uji uliisha. Watu walikuwa wamejaa bomani, wengine wametoka mbali, hata mji wa Kwanza, na mvua ilikuwa imewanyeshea. Nikaingia jikoni kwako, nikaona ule mtungi nyuma ya kuni, umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Nikakipasua kizibo kwa mwiko. Wimbi nyekundu, safi, haina hata jiwe. Nikampa wifi apeleke mashineni. Watu walikusifu wakiunywa uji huo, Mama.

Mwezi Machi shangazi, dada yake Baba, akanipigia simu. "Nekesa, mbegu ya mama yako uliiweka wapi? Yangu imeliwa na panya." Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Mtungi wa nyuma ya kuni usiguswe, hata tukilala njaa." Nikamwambia shangazi simu inakatika.

Nimekaa Endebess miaka mingi kwenye mahindi ya mume wangu, na mbegu yetu ni ya duka. Nilisahau kwamba mbegu nayo hurithiwa. Nilisahau ule mwaka mvua ilipokosa, mahindi ya kijiji chetu kizima cha Matulo yakajikunja, wimbi yako ikasimama. Na nilipojifungua, ulinijia na uji wake kwenye thamosi, ukasema, "Kunywa, maziwa yashuke."

Nilinunua wimbi sokoni Kitale nikaja kuipanda kwenye kipande chako. Kumwaga mbegu niliweza. Palizi ndiyo iliyonishinda. Lile gugu linalofanana na wimbi, wewe ulikuwa unalijua kwa kulishika tu, umekaa chini, unaongea mambo mengine kabisa. Mimi niling'oa kutwa nzima, peke yangu. Shangazi anaijua hiyo kazi, lakini sikumwita. Ningemwita, ningelazimika kumwambia.

Masuke yalipotoka, nikaona. Nilikuwa nimepalilia gugu. Wimbi niliing'oa kwa mikono yangu, karibu yote.

Shangazi alikuja mwenyewe, akasimama kando ya shamba. "Si ungeniuliza," akasema. Hapo nikamwambia yote: mtungi, mashine, uji wa matanga. Nilingoja anigombeze. Alikaa chini palepale kwenye magugu, akavuta leso yake magotini.

"Hata mimi niliunywa, mtoto wangu," akasema. "Niliomba na kikombe cha pili."

Tulilia, Mama, kwa mara ya kwanza tangu uende.

Mbegu yako siwezi kuirudisha. Lakini mvua ikija nitakaa chini kando ya shangazi, anishike mkono mpaka vidole vyangu vilijue gugu. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mama.

Mwanao,
Nekesa