Halwa ya Bibi wa Kijerumani

Dada Zuwena,

Mdogo wako bado ni mtu wa bahati, usiwe na wasiwasi. Maskati nzima hii, nani mwengine wa jikoni aliyepelekwa Ujerumani miezi mitatu, akakaa kwa bibi wa Kijerumani, akarudi na siri ya mkate wao wa vitunguu? Mimi peke yangu. Nikianza kuhadithia, hata wanaocheza karata huziweka chini.

Jana nimeupika. Ramadhani ya mwanzo bila wewe. Thuraya wako ndiye aliyeutaka kwa futari. Nikakanda unga na hamira, nikautandaza kwenye ile treya yako iliyopinda pembe, nikakata vitunguu kilo mbili. Nikalia, dada. Watoto wakanicheka, "Mjomba, vitunguu hivyo?" Nikasema ndiyo, vitunguu.

Unakumbuka siku niliporudi? Nilikwambia wenyewe hutia vipande vya nguruwe juu. Ukashika kiuno: "Seifu wee! Nguruwe na nyumba yangu, wapi na wapi?" Ukatoa papa mkavu, ukamchoma, ukamchambua, ukamchanganya na mtindi, mayai na bizari nyembamba. Nyumba ikanuka papa siku tatu. Nikasema Mjerumani akiuonja huu atahama kwao. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

Jana kila kitu kilikuwepo. Papa, bizari, vyote. Lakini hapana aliyenisimamia mlangoni kuniambia, "Tandaza mpaka pembeni, usinidhulumu." Na pahala pako kwenye busati... hapana aliyepakalia.

Tulipokwisha kufuturu, Thuraya akanionyesha barua. Amepata nafasi ya kusoma Ujerumani, mwanao! Nilipiga kigelegele, mwanamume mzima na ndevu zangu. Halafu akanambia ulimwachia neno ulipokuwa kitandani: akikubaliwa, amtafute yule bibi wa Kijerumani, ampelekee halwa nyengine, amwambie, "Aliyemfunza ndugu yangu amenilisha na mimi." Anataka anwani, dada. Halwa keshainunua. Anasafiri wiki ijayo.

Nikamwambia ntaitafuta. Badala ya kuitafuta, nimekaa nakuandikia.

Maana naiona ile halwa ya kwanza. Siku niliyoondoka uliizungushia kanga yako, ukanikabidhi kwa mikono miwili: "Usiifungue njiani. Si yako hii." Na niliporudi, kabla hujauliza nimekuletea nini, uliuliza, "Bibi kaipenda?" Nikakwambia kalia kwa furaha. Miaka yote ile ukimwombea dua kila Ramadhani, na jina lake hulijui.

Basi lala, dada yangu. Mola akupe nafasi na nuru huko ulipo. Kesho, kabla ya adhana ya magharibi, ntamweka Thuraya chini nimwambie yote, anitazame atakavyonitazama. Ntamfunza na mkate, aupeleke huko kwa jina lako, na papa wake. Hilo nakuahidi, na hii si hadithi ya kwenye karata.

Ila wewe uwe wa mwanzo kusikia. Ujerumani sijafika. Kazi ya hapa ilinishinda, nikaona haya kukwambia, nikaenda Salala, kule kusini, kukosha masufuria ya hoteli. Mpishi wa huko alikuwa Mjerumani. Mkate nimeujua kwa kumtazama mgongo wake. Bibi hakuwepo.

Halwa yako niliila mimi.