Bundi wa Mama Mukagasana na alama ya ramani

Mama Kasoki, mushauri wetu, nakusalimu kwa heshima, unisaidie kufikiri maana moyo wangu umejaa shukrani na hofu pamoja. Mimi ni Joviale wa Ndosho, niko katika kikundi kinachotundika masanduku ya mbao kwenye miti upande wa ziwa la Lac Vert ili ndege wapate pa kutagia, na kila sanduku tunaliwekea alama kwenye ramani ya simu, tujue liko wapi na ndege gani ameingia. Vita ilipofika tulikimbia, na niliporudi nilifuata zile alama nikakuta miti yote imekatwa ichomwe makala, makaa ya kupikia, masanduku hakuna, nikalia. Kwenye alama ya mwisho nikakuta kisiki, na kando yake nyumba ya mbao, akatoka mama mujane, Mukagasana, akaniambia, "Binti yangu, niliwakuta wachoma makala wanakata muti. Nikawaomba wanipe sanduku, ndani mulikuwa na watoto." Alilipigilia misumari nyuma ya nyumba yake, na mama bundi akawafuata watoto wake pale pale, wakakua, wakaruka, na sasa ametaga tena! Nilimukumbatia yule mama hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Sasa Henri, mukubwa wa kikundi, kwa furaha anataka kuweka picha na jina la huyo mama kwenye ramani inayoonwa na watu wote, ili ashukuriwe. Lakini majirani wa kule wanasema bundi ni ndege wa walozi, wachawi, na mama aliniomba kwa sauti ya chini, "Usiwaambie." Nikinyamaza naona namunyima heshima, nikisema naogopa watamuchomea nyumba. Nifanye nini?

*

Joviale, nimemushukuru Mungu kwa ajili ya huyo mama, na kwako pia uliyerudi kutafuta. Lakini mbona unaniuliza jambo ambalo mwenyewe amekwisha kulijibu? Amesema usiwaambie. Basi! Heshima gani ya kumuletea mutu mawe mulangoni?

Leo hii mupigie Henri. Jina na picha visiwekwe, na alama ya pale ifichwe, muione ninyi wawili tu. Naye ana moyo muzuri, ataelewa ukimwambia wazi.

Shukrani mutu huipeleka kwa miguu. Nendeni kwake na unga na sabuni, mukae, mule naye, mumwambie "asante" machoni pake, simu zikiwa mufukoni. Kisha mutazame paa lake kama linavuja. Mbao munazo, nyundo munazo. Mutengeneze hiyo nyumba kabla ya kutundika sanduku lingine.