Nimenunua Nyumba na Mwenyewe Ndani

Dada, usicheke. Nimenunua nyumba na mwenyewe yumo ndani.

Leo nimefika na masanduku yangu, nikamkuta bibi aliyeniuzia anamwagilia maua. Nikamuuliza, "Mama, unahama lini?" Akacheka mpaka kopo likamponyoka. "Nihame niende wapi, mwanangu? Kwani hukusoma mkataba?"

Nilisoma! Kwa lugha yao wa huku ughaibuni, na kamusi ya darasa la jioni. Kuna mstari unasema muuzaji atakaa humo hadi mwisho. Nikadhani mwisho wa mwezi.

Kumbe mwisho wa maisha yake! Nimempigia wakili, anasema saini ni saini. Ndiyo maana bei ilikuwa chini, na mimi nikashangilia kwamba Mungu amenifungulia mlango.

Na chumba changu cha kupanga nimesharudisha.

Sasa sikia. Miezi mitatu napiga magoti: Ee Mola, harakisha nyumba hii iwe yangu. Unaelewa nilikuwa naomba nini?

Bibi akanipa chai, akanishika mkono. "Nasikia wewe ni mtu wa sala. Niombee maisha marefu."

Nikafumba macho, nikamwombea. Amina yake ilitoka kwa sauti kubwa. Yangu imenikwama kooni mpaka sasa.