Kiti cha Jikoni Nimekichukua Mimi

Wanangu,

Msigombane, kiti cha jikoni nimekwenda nacho kazini. Chai iko kwenye chupa. Mkumbusheni baba dawa yake ya macho.

Jana meneja mpya aliondoa viti vyote kwenye vyumba vya wazee tunaowatunza. Eti tukikaa tunapiga soga, na kumlisha mzee mmoja ni dakika kumi tu. Asubuhi hii nimekalia hicho kiti nikivaa viatu, nikakumbuka enzi za matroni wetu. Tulikuwa tunacheka na wazee mpaka chai inapoa! Matroni akinikuta nimesimama na kijiko, alikuwa ananivuta sketi: “Kaa, binti. Mtu halishwi kama anachomwa sindano.”

~~Leo naacha kazi.~~ Hilo nimelifuta, baba asilisikie. Ila meneja akitaka kunifukuza, anifukuze nimekaa.

Leo mmoja wenu akalie ndoo. Ioshwe kwanza, jamani!

Matroni mwenyewe sasa ni mzee wa chumba namba tisa, mikono inamtetemeka. Jana nilimlisha nimesimama. Akanivuta sketi, nami sikuwa na pa kukaa.

Mama yenu