Simu Zangu kwa Wakili Pruitt

Dayton, Ohio
9 Machi 1987

Mpendwa kaka Wendell,

Nimeapa kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Theluji imeyeyuka barazani, na hesabu nimepata alama za juu.

Tangu tumzike Baba, kila nikitoka shule nilimpigia simu Bwana Pruitt, wakili wa mirathi, kumuuliza kama nyumba itabaki yetu. Alisema, "Piga wakati wowote, binti yangu." Aliniuliza habari za masomo, na siku niliyolia alinisubiri mpaka nikanyamaza. Nilidhani ananipenda.

Juzi ilifika hati yake ya malipo. Anatoza robo saa nzima hata ukiongea dakika mbili, na ada inatoka kwenye mirathi. Shangazi Lorna, ambaye ndiye msimamizi, aliisoma mezani mbele ya majirani.

"Simu thelathini na moja za mtoto wa marehemu. Hii hapa ndiyo uliyolia. Machozi ghali hayo, bibie. Jeneza la baba yako lilikuwa nafuu."

Walicheka wote. Akiba ya Baba ingemaliza deni la nyumba. Sasa haitoshi, na nyumba itauzwa Aprili. Nilimwomba Shangazi nihamie kwake.

"Kwangu? Na simu yangu nani atailipia?"

Nikasema basi nitakuja kwako. Akajibu kwamba alikuuliza tangu Januari, nawe ukakataa kunichukua.

Nilimwambia mbele ya wote kwamba ni mwongo. Tafadhali nijibu siku utakayoipata barua hii: ni mwongo, sivyo?

Dada yako,
Corinne